Barafu Juu ya Chamazi

Sehemu ya Saba

Simu yangu haijapumzika tangu Jumamosi. "Mwandishi, Khulud ameshafika chini?" Jamani, ndege iliyoko juu lazima ishuke, hilo halina mjadala. Ishu ni inashukaje, na waliomo wanashuka nayo wakiwa wangapi.

Kwa ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa vitumbua kabla hajalisoma, nimpe mawili matatu twende sawa.

Rubani ni Khulud binti Hashil, miaka ishirini na tisa, mtoto wa muuza vitenge wa Temeke. Ndege ni ya injini moja na viti vinne, kuukuu kidogo, mali ya Mzee Leonardi Nandonde, mchonga vinyago aliyejaaliwa mpaka akajinunulia mabawa. Mzee amekaa mbele, kulia kwa rubani. Nyuma yupo Bi Anjelina, dada yake mkubwa, anayepanda ndege kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Walitoka Mtwara asubuhi, mwezi wa nne huu wa mvua, mawingu yamejaa maji kama sponji. Walipoikaribia Dar, mzee akaomba ndege ishuke kidogo ipite juu ya Chamazi, ili dada yake alione bati la bluu la nyumba yake mpya. Khulud akapunguza moto wa injini, akaanza kushuka.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu ikanyamaza.

Hapo ndipo tulipoachana. Futi elfu mbili juu ya Chamazi, pangaboi la puani linazunguka kivivu kwa nguvu ya upepo tu, na ndani ya ndege unasikika mluzi wa hewa kwenye milango.

"Mbona umezima?" aliuliza Mzee Leonardi.

"Sijazima, mzee. Imezima."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

Kutoka kiti cha nyuma Bi Anjelina akainua kichwa. "Ndiyo tumefika?"

"Bado, bibi," alisema Khulud. "Ila hatuko mbali."

Sauti yake ilitoka imetulia mpaka yeye mwenyewe akashangaa. Mikono nayo ilikuwa imeshaanza kazi bila kumsubiri. Aliinamisha pua ya ndege. Mtu asiyejua angedhani amekata tamaa, lakini ndege iliyozima ni kama baiskeli kwenye mteremko. Usipoiacha ikimbie, inaanguka. Alicheki tangi. Mafuta yapo, tele. Akazungusha ufunguo. Pangaboi likatikisika, likarudi kwenye uvivu wake.

Ndipo macho yake yakaangukia kishikio cheusi.

Naomba dakika moja hapa, maana hiki kishikio ndicho kitakachotusumbua leo. Injini ya namna ile ina kabureta, koo la kuchanganyia hewa na mafuta, na kabureta ukiipunguzia moto kwenye mawingu yenye unyevu, inashika barafu kooni. Ndiyo, barafu. Hapa hapa Dar, huku chini watu wanajipepea kwa vipande vya maboksi. Dawa yake ni hicho kishikio: ukikivuta, hewa ya moto inaingia na barafu haipati pa kushika. Lakini kinavutwa kabla ya kushuka. Kabla.

Kilikuwa ndani. Hakijavutwa.

Khulud alikivuta mpaka mwisho. Akahesabu moja, mbili, tatu. Kimya. Injini ilikuwa imeshapoa.

"Nimesahau," alisema moyoni. Neno lilimchoma kama mafuta ya kukaangia. Kuanzia hapo hakuangalia tena kitu chochote ndani ya ndege. Macho yote nje, kutafuta ardhi.

Alibonyeza redio na kutoa wito wa dharura, "mayday", mara tatu. Ndege ndogo, injini imezima, watu watatu, juu ya Chamazi.

"Unaweza kuufikia uwanja?" mnara wa kuongozea ndege uliuliza.

Alipiga hesabu. Kwa futi zilizobaki, ndege ingeteleza kilometa tano. Uwanja wa ndege ulikuwa zaidi ya kumi.

"Siwezi. Nashuka hapa hapa."

Bi Anjelina sasa alikuwa ameelewa. Alijifunika kanga kichwani, akaanza kuomba kwa Kimakonde, haraka haraka. Khulud midomo yake ilikuwa inacheza pia.

"Na wewe unaomba?" aliuliza bibi kutoka nyuma.

"Ndiyo, bibi."

"Basi vizuri. Wewe bisha hodi mlango wa kwenu, mie nabisha wa kwetu."

Futi elfu moja na mia tano.

Mabati, mabati, mabati. Chamazi ukiiangalia kutoka juu unaweza kudhani watu wamepanga kujenga mpaka waguse Mkuranga. Uwanja wa mpira ulikuwepo, kijani kibichi kinachovutia, lakini una kuta na nguzo ndefu za taa. Shamba la mihogo lilikuwepo, ila matuta yake yamelowa; tairi la mbele likizama pale, ndege inapinduka kama chapati. Kushoto kulikuwa na bonde, na bondeni watoto wa shule wenye sare za kijani wamejipanga mstari, wanaangalia juu, wengine wanapunga mikono.

"Usiende huko," alisema Mzee Leonardi.

"Siendi, mzee."

"Binti, nisikilize. Mie nakaa huku." Alikuwa ameegemea mbele, kidole kwenye kioo. "Unaiona ile nyekundu? Ile ndefu? Barabara mpya. Wamemwaga kifusi, wameshindilia, halafu mvua ikawasimamisha. Wiki nzima hakuna kazi."

Khulud aliiona. Imenyooka kama rula, udongo mwekundu, imelala kutoka kaskazini kwenda kusini.

"Ina nguzo za umeme?"

"Upande mmoja tu. Kushoto."

"Na waya unaokatiza barabara?"

Mzee alifumba macho, kama mtu anayetembea mtaani kwake kichwani. "Mmoja. Pale mwanzoni, kwa mchungaji. Mbele ya hapo pako wazi."

"Una hakika?"

"Nilimpelekea mchungaji mlango wiki iliyopita. Tuliinua waya kwa mti ili lori lipite. Nina hakika."

Kwenye kamba ya nguo, uani kwa mtu, shuka la waridi lilikuwa limevimba kuelekea kaskazini. Upepo unatoka kusini. Safi kabisa; ndege inataka kutua uso kwa uso na upepo. Khulud aligeuza bawa, akazunguka kwa upole, hana nafasi ya kuzunguka mara mbili.

Futi mia nane. Mia sita.

"Mzee, fungua mlango wako kidogo, uachie. Usije ukakwama. Bibi, miwani ivue, inama, kumbatia magoti."

"Miwani yangu ya macho?"

"Ivue, bibi!"

Alifunga bomba la mafuta, akazima umeme wa ndege. Redio ikafa katikati ya neno. Sasa walikuwa wao watatu na mluzi wa upepo.

Waya wa mchungaji ulitokea kama uzi mweusi. Khulud aliubakizia pumzi moja. Angepita juu zaidi, barabara ingemwishia. Angepita chini zaidi, nisingekuwa na hadithi ya kuwaandikia wiki hii. Waya ulipita chini ya magurudumu. Papo hapo akailaza ndege ubavu ishuke haraka, akainyoosha, udongo mwekundu ukajaa kwenye kioo...

Na katikati ya udongo ule, bajaji.

Bajaji ya njano, imebeba makreti ya soda mpaka juu, inakwenda zake taratibu kuelekea kusini, dereva anatikisa kichwa kwa muziki.

"Piga honi!" alipiga kelele Mzee Leonardi.

"Haina honi, mzee!"

"Ndege gani haina honi?"

Dereva wa bajaji aliinua macho kwenye kioo chake cha pembeni. Kilichokuwemo kwenye kile kioo hajawahi kukiona mtu tangu bajaji ziingie Tanzania. Hakupiga breki wala hakuwasha taa. Alikata kulia moja kwa moja, akaingia mtaroni na makreti yake, na bawa la ndege likapita juu ya kichwa chake.

Magurudumu yakagusa. Yakaruka. Yakagusa tena, yakakaa.

Khulud alikanyaga breki. Kifusi kilichonyeshewa kinateleza kama sabuni ya kipande. Ndege ikaenda mshazari, mkia unataka kuja mbele, na mwisho wa barabara lilikuwa limeegeshwa greda la njano, kubwa kama nyumba, linawasubiri bila haraka. Aliachia breki, akakanyaga tena, akaachia, akakanyaga. Bawa la kulia likachana ua wa michongoma. Matawi yakaruka. Ndege ikazunguka kidogo, ikatikisika, ikasimama.

Kutoka kwenye pangaboi mpaka kwenye greda, hatua nne. Baadaye walipima.

Khulud akaachia usukani.

Kisha Bi Anjelina akainua kichwa, akavaa miwani, akaangalia nje. "Sasa ndiyo tumefika?"

"Ndiyo, bibi," alisema Khulud. Akafungua mkanda, akashuka.

Chamazi yote ilikuwa pale ndani ya dakika tano. Sijui watu wale hutokeaga wapi. Wa kwanza kufika alikuwa dereva wa bajaji, kijana mmoja anaitwa Faraji, amelowa matope mpaka kiunoni, chupa moja ya soda mkononi.

"Nyie!" alifoka. "Nyie mnapitaje mtaani na ndege?"

"Nisamehe, kaka yangu," alisema Khulud. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu. "Umeumia?"

Faraji alimwangalia. Aliangalia ndege, akaangalia greda, akarudi kwenye uso wa yule dada mwenye ushungi wa kijivu uliopakaa matope. Hasira zikamwishia zenyewe.

"Sijaumia, sista. Wewe ndiye uliyekuwa unaendesha?"

"Mie."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Alifungua ile soda kwa meno, akampa. "Kunywa. Unatetemeka."

Simu zilitoka mifukoni, picha zikapigwa, na kabla soda haijafika nusu Khulud alikuwa ameshakuwa mtu maarufu. Mama mmoja wa genge la chakula alimpiga busu shavuni. Wazee wakamwombea dua. Mzee Leonardi alikuwa anasimulia kwa mara ya tatu, na kila akirudia, greda lilikuwa linasogea karibu zaidi.

"Huyu ni shujaa!" alisema. "Andikeni jina. Khulud! Ka, ha, u!"

Khulud alitabasamu kwa sababu watu walitaka atabasamu. Ndani yake neno lile moja lilikuwa linazunguka. Nimesahau. Nimesahau.

Simu yake ikaita. Baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Nyuma ya Mzee Hashil zilisikika sauti za dukani, mtu anauliza bei ya doti. "Muhannad hapa dukani amenionyesha kitu kwenye simu yake. Ni wewe?"

"Ni mie, baba. Mzima kabisa."

"Umekula?"

"Bado."

"Kula kwanza," alisema Mzee Hashil. "Mengine tutaongea." Na Khulud akasikia baba yake anapenga kamasi, baba ambaye ndugu zake wote walimkataza kumpeleka binti kwenye chuo cha urubani, na yeye akawajibu kwamba vitenge vinauzwa na yeyote.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Saa sita mchana lilifika gari jeupe. Walishuka wawili. Wa kwanza ni Edgar, mchunguzi wa ajali za ndege, mwembamba, shati la mikono mifupi, daftari kwapani, mtu asiyepoteza maneno. Wa pili ni Praygod, fundi anayeihudumia ndege ile kila mwezi, mtu wa Moshi, boksi la vifaa begani.

Edgar hakumpongeza mtu. Aliizunguka ndege mara mbili, akapima alama za matairi, akapima zile hatua nne za kwenye greda, akaandika. Kisha akamwambia Praygod, "Ikague."

Praygod alifungua kifuniko cha injini. Akachungulia, akagonga, akanusa. Akatoa mafuta kwenye kikombe cha kioo, akakiinua juani. Hakuna maji, hakuna uchafu.

"Mkuu, hii injini haina tatizo."

"Iwashe."

Mgambo waliwasukuma watu nyuma. Praygod aliingia, akarudisha kila kishikio mahali pake kama fundi anavyofanya siku zote kabla ya kuwasha, akazungusha ufunguo.

Ikawaka. Mara ya kwanza! Ikanguruma vizuri, laini, kama imetoka kiwandani jana.

Umati ulishangilia. Halafu, taratibu, ukaacha kushangilia. Unajua watu walivyo.

"Kumbe nzima?" alisema mmoja.

"Sasa alizima kwa nini?"

"Kiki hiyo. Alikuwa anatafuta kiki mtandaoni."

Yule mama wa genge aliyempiga busu saa mbili zilizopita alirudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu, lakini Khulud aliiona.

Praygod alizima injini, akashuka, akapita karibu naye kama anatafuta spana.

"Sista," alinong'ona. "Ni barafu, si ndiyo? Hewa ya moto."

Khulud aliinamisha kichwa.

"Nimeelewa. Sasa nisikilize mie. Barafu imeshayeyuka. Haina ushahidi, haina harufu, haina hata tone. Sema injini ilikosa nguvu ghafla, hujui kwa nini. Wataandika chanzo hakikujulikana, maisha yanaendelea. Ukisema ulisahau, leseni hiyo kwaheri."

"Na kesho rubani mwingine akisahau?"

"Atajijua!"

"Praygod, mtu wa kesho hatapata barabara ya kifusi. Atapata mabati."

Fundi aliokota spana ambayo haikuwa imepotea.

Edgar alikuwa ameshaweka daftari juu ya boneti ya gari. "Rubani. Nielezee."

Watu walisogea. Mzee Leonardi na dada yake wakasogea pia. Khulud alisimama mbele ya daftari lile, akamkumbuka baba yake na duka lake, akakumbuka miaka miwili ya masomo, wenzake waliomwambia atachoka. Akavuta pumzi.

"Nilikuwa nashuka kwenye unyevu, nimepunguza moto. Ilitakiwa nivute hewa ya moto kwanza. Mkono wangu ulikwenda, halafu tukaanza kuongea habari ya nyumba, na sikumalizia. Injini ilipozima nilikuta kishikio kiko ndani. Nilisahau, mkuu. Kosa ni langu."

Mtu mmoja kwenye umati alisema "Lahaula" kwa sauti ya chini.

Edgar aliandika neno baada ya neno. Alipofika mwisho akainua kalamu. "Unajua maana ya ulichosema?"

"Najua."

"Na hakuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Futa hiyo," ilisema sauti nyuma yake.

Mzee Leonardi alikuwa amesogea mpaka kwenye boneti. Uso wake, ambao asubuhi nzima ulikuwa wa kusimulia na kucheka, ulikuwa umebadilika. Mikono yake minene ya mpingo na patasi ilikuwa imeshika ukingo wa gari.

"Futa, mwanangu. Huyu binti hana kosa. Mie ndiye niliyeharibu."

"Mzee, tafadhali," alisema Khulud.

"Nyamaza kwanza. Kila safari namwona anavuta kishikio kabla ya kushuka. Kila safari. Leo mkono umekwenda, nikamkatisha kwa maneno yangu, bati la bluu, bati la bluu. Mkono ukarudi. Mie nikaona. Nikajisemea, Leonardi, umemsahaulisha mtoto wa watu kazi yake. Nikaona aibu kusema mbele ya dada. Nikanyoosha mkono nikamsaidia."

"Ukakivuta?" aliuliza Edgar.

"Nikakivuta."

Khulud alitikisa kichwa. "Mkuu, mzee ananionea huruma. Nilikuta kishikio kiko ndani. Kiko ndani kabisa. Hakuna mtu aliyekivuta."

"Nimekivuta!"

"Mzee wangu, nashukuru, lakini usiongope kwa ajili yangu."

"Mie nina miaka sitini na nne," alisema Mzee Leonardi. "Naongopea nini?"

Bi Anjelina aliangalia upande huu, akaangalia upande ule. "Leonardi," alisema, "kama unasema uongo acha, jua kali."

Edgar aliwatazama wote kwa zamu. Kisha akafunga daftari.

"Pandeni," alisema.

"Nini?"

"Rubani kiti chako. Mzee kiti chako. Praygod, washa injini halafu ushuke. Kila mmoja anionyeshe alichofanya."

"Na mimi?" aliuliza Bi Anjelina.

"Wewe baki chini, mama."

"Afadhali."

Injini ikawaka tena, ikanguruma. Mgambo walinyoosha mikono kuzuia watu. Khulud alikaa kushoto, mkanda umefungwa kwa mazoea tu, maana ndege haiendi popote. Mzee Leonardi alikaa kulia. Edgar alisimama nje ya mlango wa rubani, amekwepa pangaboi, kichwa ndani.

"Rubani kwanza."

Khulud alionyesha. Mkono ukaenda kwenye kishikio cheusi, ukaishia njiani, ukarudi kwenye usukani. Alipomaliza alihisi uso unawaka kwa aibu. Ndivyo ilivyokuwa, hivyo hivyo, na sasa watu mia mbili wameona.

"Sawa. Mzee."

Khulud alimgeukia. Alitaka kumwambia kwa macho, acha, mzee wangu, inatosha. Alikuwa na hakika kabisa kwamba anaongopa. Angeangalia vile vishikio, angebahatisha, Edgar angetabasamu kidogo na kuandika, na mambo yangekwisha kwa heshima.

Lakini Mzee Leonardi hakuangalia vishikio. Aliangalia nje ya kioo, kama mtu anayemwonyesha dada yake nyumba, na mkono wake wa kushoto ukaondoka wenyewe, bila kusita, bila kutafuta. Mkono wa mtu anayerudia jambo alilokwisha kulifanya.

Ukapita kishikio cheusi.

Ukashika kilicho jirani yake. Chekundu.

Ukavuta.

Sekunde moja injini iliendelea. Ya pili ikakohoa, ikakohoa tena. Halafu ikanyamaza.

Khulud aligeuka kuiangalia injini. Kile kikohozi. Alikijua. Alikuwa amekisikia asubuhi ile ile, futi elfu mbili juu, mara mbili vile vile.

Edgar ndiye aliyesema, na aliongea polepole sana.

"Mzee. Hicho si cha hewa ya moto. Hicho kinakata mafuta ya injini."

Mzee Leonardi aliushusha uso wake mpaka kwenye mkono wake. Bado ulikuwa umeshika. Aliutazama kama vile ni wa mtu mwingine.

"Binti," alisema. "Ndicho hicho hicho nilichokivuta kule juu."